MGENI ANAYEJUA KWAMBA NI MGENI



Wengi wanauliza: Namna gani kompyuta moja inaweza kubeba ingine ndani yake? Jambo hili linatuhusu. Kama kompyuta ya shule ni moja tu, nayo inatunza alama za mitihani, nani atakubali tujifunzie Linux juu yake? Lakini programu kama VirtualBox inatengeneza kompyuta ya kuigiza ndani ya ile ya kweli. Tukiharibu, tunaharibu ya kuigiza. Tusifungue tu folda ya alama kwa zote mbili.

Tuseme kompyuta ya kweli ni mwenyeji, na Linux iliyo ndani ni mgeni. Kwa kawaida mgeni huyu anadanganywa: anafikiri nyumba ni yake. Akitaka kutuma barua, anagusa kadi ya mtandao ambayo haiko. Kila mara akigusa, mwenyeji anamsimamisha, anajifanya kuwa yeye ndiye kadi, kisha anamwachilia. Kwa barua moja tu anaweza kusimamishwa mara nyingi. Ndiyo maana mashini inakuwa nzito.

Paravirtualizasio ni kumwambia mgeni ukweli. Sasa anapanga barua zake mahali ambapo wote wawili wanaona, anapiga kengele mara moja, na mwenyeji anazichukua zote pamoja. Hata saa ni vile vile: mwenyeji anaandika hesabu ya wakati, mgeni anajisomea mwenyewe bila kumsumbua mtu.

Neno hili lilitoka Marekani, katika Chuo Kikuu cha Washington, kwa kazi ya Denali ya mwaka 2002. Mwaka 2003 watu wa Cambridge, Uingereza, walitoa Xen. Wakati ule ilibidi kubadilisha kiini cha mgeni kwanza. Leo Linux inakuja tayari imefundishwa.

VirtualBox ilipata chaguo hili katika toleo 5.0, mwaka 2015. Msihangaike: mkiacha chaguo la kawaida, yenyewe inachagua KVM kwa Linux na Hyper-V kwa Windows. Kwa kadi ya mtandao, Linux mpeni virtio. Windows haiijui mpaka mweke programu yake kwanza.

Lakini tukumbuke: paravirtualizasio inapunguza usumbufu, haiongezi chakula. Kama kompyuta ina giga 4 za kumbukumbu, na mgeni tukampa 3, mwenyeji atalala njaa, na wote wawili watasimama.