Mwanafunzi wa kigeni nchini Australia: aanzie wapi anapougua?

Hofu ya gharama humfanya mwanafunzi wa kigeni aahirishe kumwona daktari, na maradhi madogo yakapata nafasi ya kukua. Mfumo wa Medicare haumhusu anayetoka Kenya au Tanzania. Badala yake, sharti la viza humtaka awe na bima ya OSHC kwa muda wote wa masomo, ambayo kwa kawaida hulipiwa kabla ya safari.

Pasipo dharura, mlango wa kwanza ni daktari wa familia, wala si hospitali. Yeye humpima mgonjwa, humwandikia dawa na, inapobidi, humpa barua ya rufaa kwa daktari bingwa. Bima hurejesha kiwango kilichowekwa na serikali. Daktari akitoza zaidi, tofauti hulipwa na mgonjwa. Hivyo uliza ada unapoomba miadi, na iwapo kliniki huidai kampuni yako ya bima moja kwa moja. Kwa kawaida bima hii haigharamii meno wala miwani.

Mkalimani wa simu hupatikana kupitia 131 450. Maisha yakiwa hatarini, piga 000 bila kusita: OSHC hugharamia gari la wagonjwa la dharura.