Mkojo Hausomi Lebo

Magari yanayotoka mjini Mwanza kwenda migodini hupita Buhongwa. Ya Shinyanga na Kahama hunyoosha kusini. Ya Geita hufika Usagara yakakata kulia, na tangu Juni 2025 huvuka Daraja la J.P. Magufuli badala ya kusubiri kivuko kati ya Kigongo na Busisi. Ndani yake wamo madereva wa dampa, mafundi umeme, wapishi wa kambi na walinzi, na wote wanajua kwamba kabla ya mkataba kuna medikali, na medikali ya mgodi mkubwa kwa kawaida haikosi kikombe cha mkojo.

Mvuta jani hana haja ya makala haya; anajijua. Ninamwandikia mwingine, mtu ambaye hajawahi kushika msokoto maishani mwake. Shangazi yake aliyetoka Uingereza kamletea kichupa cha mafuta ya maumivu ya mgongo. Au rafiki aliyekuwa Afrika Kusini kampa pipi laini za kumsaidia kulala baada ya zamu ya usiku. Kichupa kimeandikwa CBD, kimechorwa jani, kimeelezwa kuwa hakilevyi, na kimenunuliwa dukani kwa risiti. Anatumia wiki mbili, anaitwa kupimwa, majibu yanasema bangi.

Inawezekana, na wala haihitaji maabara iwe imekosea.

Mmea wa bangi una kemikali zaidi ya mia moja za kundi liitwalo kanabinoidi. Mbili ndizo zenye jina kubwa. THC ndiyo inayolevya. CBD hailevyi, na ndiyo inayouzwa ughaibuni kwa ahadi za usingizi, utulivu na nafuu ya viungo. Hempu ni bangi ileile kwa jenasi na spishi, ila imechaguliwa vizazi kwa vizazi iwe na THC kidogo. Marekani iliihalalisha kwa sheria ya kilimo ya Desemba 2018, kwa sharti kwamba THC isizidi asilimia 0.3 ya uzito wa mmea mkavu.

Asilimia 0.3 inasikika kama si kitu. Tuihesabu. Gramu moja ya kitu chenye asilimia 0.3 ina miligramu 3 za THC. Pipi laini ya gramu 4 ikijazwa hadi kikomo hicho inabeba miligramu 12, na katika majimbo ya Marekani yanayouza bangi waziwazi miligramu 5 au 10 huhesabiwa kuwa dozi kamili ya mtu mzima. Sheria ilipima mmea shambani, wafanyabiashara wakaitumia kwenye peremende. Hivyo ndivyo pipi za "hempu halali" zilivyoweza kulevya kabisa bila kuvunja sheria. Novemba 2025 Marekani ilipitisha kikomo kipya cha miligramu 0.4 za THC kwa kifungashio kizima, kianze kutumika Novemba 2026.

Sasa twende kwenye kikombe. Kipimo cha mkojo hakitafuti CBD, na hakitafuti hata THC yenyewe. Ini likiivunja THC hutoa kemikali ndefu kwa jina, ambayo maabara huifupisha THC-COOH, na hiyo ndiyo inayosakwa. Hailevyi tena. Ni ushahidi tu kwamba THC ilipita mwilini. Kwa hiyo kipimo hakisemi kama mtu amelewa asubuhi hiyo, tofauti na kile cha pombe cha kupuliza, ambacho kinakaribia kueleza hali ya dereva saa ileile. Wala hakisemi THC hiyo ilitoka kwenye msokoto wa Tarime au kwenye kichupa cha London.

Karatasi ya kipimo cha haraka husomwa kinyume na tulivyozoea. Kwenye kipimo cha malaria au cha mimba, mstari wa pili ukitokea ndiyo jibu kwamba kitu kipo. Hapa mambo yamegeuka. Karatasi ina kingamwili zilizotiwa rangi. Mkojo ukiwa hauna THC-COOH, kingamwili zinasafiri hadi alama ya T na kuchora mstari. Ukiwa nayo kwa wingi, inazikamata njiani na mstari hautokei. Mistari miwili maana yake hakijaonekana kitu, hata kama wa T umefifia kiasi cha kutafutwa kwa tochi. Mstari mmoja tu, ule wa C unaoonyesha kwamba karatasi inafanya kazi, maana yake kimeonekana. Anayesimamia upimaji akiwa amezoea malaria tu, anaweza kumfukuza mtu safi na kumpitisha asiye safi kwa asubuhi moja.

Viwango navyo vina maana. Katika upimaji wa kazini wa serikali ya Marekani, ambao maabara nyingi duniani huufuata, karatasi au mashine ya awali hupiga kengele kuanzia nanogramu 50 kwa mililita moja ya mkojo. Sampuli iliyogonga kengele hupelekwa kwenye kromatografia na spektrometa ya masi, mashine zinazotenganisha kemikali na kuzitambua moja moja, na huko kizingiti ni nanogramu 15. Mwanariadha anapimwa kwa ulegevu zaidi. Wakala wa dunia wa kupambana na dawa michezoni uliiondoa CBD kwenye orodha ya marufuku mwaka 2018, na kizingiti chake cha THC-COOH ni nanogramu 150. Mkimbiaji anaweza kupita mashindanoni kwa mkojo ambao ungemnyima kazi ya kuendesha dampa.

Halafu kuna muda. THC huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji, hivyo hujibanza kwenye mafuta ya mwili na kutoka polepole, kama harufu ya dagaa inavyobaki kwenye gunia baada ya dagaa wote kuuzwa. Aliyetumia mara moja huonekana kwa siku kama tatu. Anayetumia kila siku anaweza kuonekana kwa wiki kadhaa, hata mwezi na zaidi. Hapo ndipo watumiaji wa mafuta ya CBD wanaponaswa: wanakunywa kidogo lakini kila siku, asubuhi na jioni, kama kichupa kinavyoelekeza. Watafiti wa Johns Hopkins waliochapisha matokeo yao mwaka 2020 waliwapa watu 6 miligramu 100 za CBD safi, na hakuna aliyeonekana na bangi. Watu haohao walipovuta mvuke wa maua yenye CBD nyingi na miligramu 3.7 tu za THC, wawili walivuka kizingiti. Utafiti mwingine mdogo wa Marekani uliwafuata wagonjwa 14 waliotumia kila siku, kwa wiki nne, mafuta ya hempu yenye kanabinoidi zote za mmea. Nusu yao walitoa mkojo wenye THC-COOH.

CBD safi, basi, haina shida? Kama ni safi kweli. Mwaka 2017 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha uchunguzi wa bidhaa 84 za CBD zilizonunuliwa mtandaoni. Ni asilimia 31 tu zilizokuwa na kiasi cha CBD kilichoandikwa kwenye lebo, na 18 kati ya hizo 84 zilikutwa na THC. Ninaamini lebo ya panadol kwa sababu kuna mamlaka inayoichunguza. Lebo ya kichupa hiki inamtegemea aliyeiandika.

Dereva wa lori wa Marekani, Douglas Horn, aliamini. Mwaka 2012, baada ya ajali iliyomwachia maumivu, alinunua bidhaa iitwayo Dixie X iliyotangazwa kuwa na THC sifuri. Akapimwa kazini, akakutwa na THC, akafukuzwa. Aliituma bidhaa hiyo maabara, ikakutwa na THC. Kesi yake ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, ambayo Aprili 2025 iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba anayo haki ya kuendelea kuishtaki kampuni kwa hasara ya kazi yake. Miaka 13 kupata ruhusa ya kuendelea na kesi! Na Watanzania na Wakenya wanaoendesha malori huko wajue kwamba Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilikwishatamka Februari 2020: "nilitumia CBD" si maelezo yanayofuta majibu ya bangi.

Bidhaa za kizazi kipya ni hatari zaidi. Delta-8 hutengenezwa kwa kuichemsha CBD ya hempu kwenye asidi hadi igeuke kuwa THC ya aina nyingine, inayolevya kwa upole kidogo. Kemikali inayobaki mwilini inafanana mno na THC-COOH, na karatasi ya haraka huikamata bila kutofautisha. Mashine kubwa zinaweza kuzitenganisha, endapo maabara imeziandaa kwa kazi hiyo. Krimu ya kupaka gotini ina hatari ndogo, kwa kuwa ngozi haipitishi kirahisi kiasi cha kufika kwenye mkojo, ila tatizo la lebo linabaki palepale.

Afrika Kusini imetupa kesi ya karibu zaidi. Mfanyakazi wa ofisini wa kampuni ya Barloworld, aliyekuwa akitumia bangi na mafuta yake nyumbani kwa ajili ya usingizi na wasiwasi, alifukuzwa mwaka 2020 baada ya kipimo cha mkojo. Aprili 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kazi iliamua kwamba alionewa, ikaamuru alipwe mishahara ya miezi 24. Hakuwa akiendesha mtambo wowote, na hakuna aliyeonyesha kwamba alikuwa amelewa kazini. Wapo wanaoituma hukumu hii kwenye makundi ya simu kana kwamba inawalinda wao. Haiwalindi. Kule mahakama ya katiba iliruhusu matumizi ya faragha tangu 2018.

Hapa kwetu Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Sura ya 95, iliyotungwa mwaka 2015, haikutenga fungu la bangi halali ya asilimia 0.3. Rwanda iliruhusu kilimo cha bangi ya dawa kwa ajili ya kuuza nje mwaka 2021, na Uganda inayo makampuni yanayouza nje kwa kibali, lakini ruhusa hizo haziji na abiria wa basi linalovuka mpaka wa Mutukula. Kichupa kilichonunuliwa kwa risiti Cape Town, kikitua uwanja wa ndege wa Mwanza, kinaweza kumfikisha mwenyewe mbele ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya kabla mwajiri hajajua lolote. Ndiyo maana namwona anayemletea ndugu yake zawadi hiyo kuwa anamtega bila kukusudia.

Lipo kosa jingine ambalo waajiri wa Kanda ya Ziwa wanapaswa kulijua, na halihusu bangi hata kidogo. Efavirenz, dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI iliyokuwa kwenye kidonge cha TLE kabla ya nchi kuanza kuhamia TLD mwaka 2019, imethibitika kuvidanganya baadhi ya vipimo vya haraka vya bangi. Pantoprazole ya vidonda vya tumbo nayo imeripotiwa hivyo. Mtu anayemeza dawa aliyoandikiwa anaweza kuonekana mvutaji mbele ya foleni nzima, na kujitetea kwake kukawa ni kutangaza ugonjwa wake. Mashine ya kuthibitisha haidanganyiki na efavirenz.

Kwa sababu hiyo naona kumwachisha mtu kazi kwa karatasi ya haraka pekee ni uonevu, hata kwenye mgodi ambako sina ugomvi na sera ya kutovumilia dawa za kulevya. Mtu aliyelewa kwenye dampa la tani mia anaua. Mkojo ugawanywe katika chupa mbili zilizofungwa mbele ya mwenyewe, moja ithibitishwe, nyingine itunzwe. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza. Maswali ya dawa anazotumia mtu aulizwe na tabibu chumbani, si afisa utumishi mezani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti.

Kwako unayepimwa: usinywe wala kutafuna kitu chochote chenye jani kwenye lebo, hata kama aliyekuletea ni mama mzazi. Mgongo ukiuma, nenda hospitali upate dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Kabla ya kutoa mkojo, mwambie tabibu dawa zote unazomeza na umwombe aziandike. Majibu yakija mabaya na unajua hujatumia, omba uthibitisho wa maabara siku hiyohiyo, kwa maandishi, na ubaki na nakala.

Anayeomba kazi mara ya kwanza ana nafasi finyu ya kudai. Aliyekwishafanya kazi miezi sita na zaidi analindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayomtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki. Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na muda wake ni siku 30 tangu kuachishwa kazi au tangu uamuzi wa mwisho wa mwajiri. Usisubiri majibu ya maabara ndipo uanze kuzihesabu.