Venice bila kunyonywa: Acha gondola ya Sh13,000, panda ya Sh300

Ile picha ya Venice ushaiona mara mia mtandaoni. Wapenzi wawili wameketi kwa gondola, jamaa mwenye shati la mistari amesimama nyuma anapiga kasia. Poa sana. Sasa sikiza bei: nusu saa mchana ni euro 90, na hiyo ndiyo bei rasmi ya jiji. Ni zaidi ya Sh13,000. Usiku inapanda hadi euro 110. Afueni ni kwamba unalipia boti nzima, si kichwa, kwa hivyo mkiwa watano mnaweza kuchanga.

By the way, euro 90 ndiyo pia ada ya visa ya Schengen kwa mtu mzima, na hairudishwi hata ukinyimwa. Ukishaponea hapo, hela zilizobaki zitumie kwa akili.

Kuna boti nyingine inayofanana na gondola, na unaipanda kwa euro 2. Inaitwa traghetto. Wenyeji huitumia kuvuka Grand Canal, ule mfereji mkubwa unaokata jiji katikati. Mfereji wote una madaraja manne tu, kwa hivyo badala ya kuzunguka mbali, unaingia traghetto na dakika chache baadaye uko ng'ambo. Wenyeji wengi huvuka wakiwa wamesimama. Ukiona unayumba, kaa tu, hakuna atakayekucheka. Ya Santa Sofia iko karibu na soko la Rialto.

Ukielewa tofauti ya hizo boti mbili, ushaielewa Venice. Kuna jiji la wageni na jiji la wenyeji, na yote mawili yamebanana kwenye visiwa vilevile.

Kufika kwanza. Treni inaishia steji ya Santa Lucia na basi linaishia Piazzale Roma. Baada ya hapo hakuna gari, hakuna bodaboda, hata baiskeli ni marufuku. Takataka, simiti, ambulansi, wazimamoto, jeneza, vyote vinaenda kwa boti. Kama umewahi kutembea vichochoro vya Lamu una picha kidogo, ila hapa hakuna punda wa kukubebea mzigo, na kuna madaraja zaidi ya 400, mengi yakiwa na ngazi. Sanduku kubwa la magurudumu litakutesa. Beba begi la mgongoni.

Matatu ya huko inaitwa vaporetto. Namba 1 inapita Grand Canal yote ikisimama karibu kila steji, na kwangu hiyo ndiyo ziara bora ya jiji kuliko zote za kulipia. Shida ni nauli: tiketi ya dakika 75 ni euro 9.50, kama Sh1,400. Ya siku nzima ni euro 25. Kama hujagonga miaka 30, ulizia kadi ya Rolling Venice, ya watu wa miaka 6 hadi 29. Inagharimu euro 6, na ukiwa nayo tiketi ya siku tatu inashuka bei sana. Enda na pasipoti kaunta ya tiketi uitaje kwa jina, maana hakuna atakayekukimbiza kukuambia iko. Na kabla ya kupanda, gusisha tiketi kwenye mashine ya steji. Usipofanya hivyo na wakaguzi wakushike, faini utailipa hata kama tiketi uliinunua.

Mara nyingi lakini utatembea kwa miguu, na utapotea. Simu huchanganyikiwa katikati ya kuta ndefu. Anwani nazo ni noma: jiji lina mitaa sita mikubwa, na namba za nyumba zinahesabiwa kwa mtaa mzima mpaka zinafika maelfu. Ukiambiwa "Cannaregio 3500" bado hujaambiwa kitu. Muulize mwenyeji wako steji ya vaporetto iliyo karibu na kanisa lililo karibu. Ukikwama, fuata vibao vya njano ukutani vilivyoandikwa Per Rialto au Per San Marco. Pita upande wa kulia, na tafadhali usizibe daraja ukipiga selfie. Huyo mama nyuma yako na mkokoteni wa sokoni hayuko likizo.

Huyo mama ndiye stori yenyewe. Mwaka wa 1951 jiji hilo la kale lilikuwa na wakazi kama 175,000. Mwaka wa 2022 walishuka chini ya 50,000. Karibu na Rialto kuna duka la dawa lililoweka dirishani kioo cha tarakimu kinachoonyesha wakazi waliobaki, kama vile sisi tunavyohesabu salio la airtime. Nyumba zimegeuzwa za kupangisha watalii kwa usiku, kodi imepanda, na duka la kawaida likifungwa linarudi likiwa la kuuza vinyago vya uso. Vijana wengi wanahamia bara.

Serikali ya jiji ilianza kutoza kiingilio Aprili 25, 2024. Mgeni wa kwenda na kurudi siku hiyohiyo alilipa euro 5 katika siku zilizotajwa, na 2025 ikawa euro 10 kwa waliochelewa kulipa. Mimi naona ni kama kuweka geti kwenye mtaa wa watu halafu kushangaa mtaa ukigeuka bustani ya burudani. Anayelala ndani ya manispaa halipi, ila huwa anatakiwa kujisajili mtandaoni.

Mestre, upande wa bara, iko ndani ya manispaa hiyo. Vitanda huko ni nafuu, na treni ya kuingia mjini ni kama dakika kumi. Ukitaka kulala visiwani kwenyewe, chagua hosteli au hoteli, si fleti ambayo jana ilikuwa ya familia.

Kula ukiwa umesimama. Vibaa vidogo vinavyoitwa bacari huuza cicchetti, vipande vya mkate vyenye samaki au jibini juu. Ukiketi kwenye mkahawa wa San Marco wenye bendi, hata muziki unaweza kuongezwa kwenye bili. Maji ya bomba za mitaani ni bure na ni safi. Kuketi chini San Marco na kula, au kuruka kwenye mfereji kuogelea, ni faini.

Kati ya Oktoba na Januari angalia utabiri wa maji. Novemba 12, 2019 yalipanda sentimita 187. Tangu Oktoba 2020 kuna mageti ya chuma yanayoinuliwa kuzuia bahari, lakini San Marco iko chini sana na bado inaweza kulowa kidogo.

Siku ya mwisho, dandia vaporetto ya kwenda Murano kutoka Fondamente Nove. Utapita San Michele, kisiwa cha makaburi. Matanuru ya vioo yalihamishiwa Murano mwaka wa 1291 kwa kuogopa moto. Shanga nyingi ambazo misafara ilibeba kutoka Pwani yetu kuingia bara karne ya 19 zilitoka kwa mafundi wa Venice. Ukitaka kumbebea nyanya yako moja, kagua kibandiko cha Vetro Artistico Murano kwanza, kwa sababu dukani zimejaa zile za kuagizwa kutoka nje.