Mahindi Hayana VAT, Tairi Lina VAT

Mfanyabiashara wa mahindi mjini Sumbawanga akisikia kuwa mazao ghafi hayatozwi VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, hufurahi. Mshauri mwandamizi wa kodi humtuliza kwanza. Mahindi yamesamehewa, naam, lakini matairi ya Fuso inayoyapeleka Tunduma hayakusamehewa. Tairi la shilingi 600,000 huongezewa asilimia 18, yaani shilingi 108,000, na kwa kuwa anachouza kina msamaha, fedha hiyo hana pa kuidai. Inageuka gharama, na mara nyingi anayeibeba ni mkulima wa Laela au Matai kupitia bei ya gunia. Mauzo yake yangetozwa VAT ya kiwango cha sifuri badala ya kusamehewa, angeweza kudai arejeshewe. Mnunuzi haoni tofauti hiyo. Kwenye daftari la hesabu ndiyo faida yenyewe.

Wengi humtafuta mshauri barua ya Mamlaka ya Mapato (TRA) ikishafika mezani. Huko ni kuchelewa. Kama ghala moja linauza mahindi na pia mabati na saruji, mauzo yenye msamaha yatenganishwe na yanayotozwa tangu siku ya kwanza, risiti ya mashine ya kielektroniki (EFD) idaiwe kwa kila manunuzi, na ritani iwasilishwe kabla tarehe 20 ya mwezi unaofuata haijapita.

Mshauri aliyeanza kazi hii VAT ilipoanza Julai 1998, miaka miwili baada ya TRA kuanza, amejifunza upya mara nyingi. Asilimia 20 ilishuka hadi 18 mwaka 2009, mashine za EFD zikaja 2010, sheria mpya ikaanza kutumika Julai 2015, na mwaka 2023 kiwango cha mauzo cha kujisajili kikapanda kutoka milioni 100 hadi milioni 200. Yeye mwenyewe nafuu hiyo haimgusi: mtoa huduma za kitaalamu hujisajili hata kama mauzo yake ni madogo.

Halafu kuna ushuru wa mazao wa halmashauri, ambao kwenye vizuizi vya barabarani huchanganywa na kodi za TRA. Tangu 2017 mzigo usiofika tani moja hautozwi ushuru huo unapovuka halmashauri. Wangapi kati ya wanaosimamishwa na magunia manne wanalijua hilo?

Ndiyo maana naamini Ufipa, nyanda hizi za Sumbawanga, inahitaji washauri wanaoishi huku huku, wanaoweza kukaa na mwenye ghala kabla msimu wa mavuno haujafunguka, wakati bei ya kununulia bado haijapangwa.