Mbavu na Kazi ya Kupumua

Mkulima wa Kaisho, wilayani Kyerwa, anaposukuma mlimani baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi, kifua chake hupanda na kushuka kwa nguvu. Watu wengi hudhani kwamba mapafu hujivutia hewa yenyewe. Sivyo. Mapafu hayana misuli ya kuyatanua. Hufuata tu mwendo wa kifua.

Mwanadamu ana jozi 12 za mbavu, na zote zimeungana na uti wa mgongo. Tuvutapo pumzi, mbavu za juu huinua kidari na kukisogeza mbele, mithili ya mpini wa pampu ya kisima. Mbavu za chini hutanuka kuelekea pande mbili, mithili ya mkono wa ndoo unapoinuliwa. Wakati huo huo kiwambo, yaani msuli utenganishao kifua na tumbo, hushuka. Nafasi ndani ya kifua ikiongezeka, kanieneo ya hewa iliyomo hupungua, kama ielezavyo kanuni aliyoitangaza Robert Boyle mwaka 1662. Ndipo hewa ya nje huingia.

Mtu mzima aliyetulia huvuta kiasi cha nusu lita ya hewa kwa pumzi moja. Apandapo mlima, pumzi moja yaweza kuzidi lita 2. Ongezeko hilo huwa gumu mbavu zikizuiwa.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Mtu akianguka na kuvunjika ubavu, wapo wamfungao kifua kwa kanga au bendeji ili kupunguza maumivu. Zamani hata madaktari walifanya hivyo. Siku hizi haishauriwi, kwa kuwa mgonjwa hupumua juu juu, makohozi hubaki mapafuni, naye aweza kupatwa na nimonia. Yafaa apelekwe kituo cha afya, apewe dawa ya maumivu, kisha avute pumzi ndefu mara kwa mara na kukohoa huku amekumbatia mto kifuani. Akishindwa kupumua au akikohoa damu, apelekwe hospitali mara moja.

Zoezi la darasani: Zungusha utepe wa kupimia kifuani, chini kidogo ya makwapa. Toa pumzi yote, kisha upime. Vuta pumzi ndefu, upime tena. Tofauti ya sentimita utakayoipata ndiyo kazi ya mbavu zako.