Sabuni ya kufulia ya bei chee: Namna ya kuchagua ukiwa Musoma, Bunda au Butiama

Kwa ufupi

- Povu jingi na harufu nzuri havimaanishi sabuni inatakatisha.
- Maji ya ziwani na maji ya kisima hayahitaji sabuni ya aina moja.
- Pakiti ndogo mara nyingi ndiyo ghali zaidi ukipiga hesabu ya gramu.

Musoma. Ingia duka lolote la mtaani, iwe Nyasho mjini Musoma, stendi ya Bunda au Kiabakari wilayani Butiama. Utakuta vipakiti vya sabuni ya unga vimening'inia kama mapazia, miche ya sabuni imepangwa kaunta, na pembeni chupa za sabuni ya maji zisizo na jina.

Zote zinaahidi nguo nyeupe pee. Wewe una jero au buku mkononi, na nyumbani kuna mashati meupe ya shule, ovaroli ya mtu anayetoka machimboni Buhemba, au nguo za kazi zinazonuka dagaa. Unachukua ipi?

Wengi huchukua ile iliyozoeleka, au ile inayotoa povu zaidi. Pesa nyingi hupotelea hapo. Haya ndiyo mambo ya kuangalia kabla hujatoa hela.

Ndani ya sabuni kuna nini?

Sabuni ya mche hutengenezwa kwa mafuta, kama ya mawese, yakichanganywa na magadi makali yanayoitwa kostiki soda. Ni teknolojia ya kale na bado inafanya kazi vizuri.

Sabuni ya unga ni kitu kingine kabisa. Ndani yake kuna kemikali ya kung'oa uchafu, ambayo upande wake mmoja hushika mafuta na wa pili hushika maji. Ukisugua nguo, kemikali hiyo huubeba uchafu na kwenda nao kwenye maji.

Pia kuna magadi soda ya kulainisha maji, manukato na rangi. Nyingine zina kimeng'arisho, yaani kitu kinachobaki kwenye kitambaa na kukifanya kionekane cheupe zaidi juani, hata kama uchafu haujatoka wote.

Halafu kuna kijazio. Hii ni chumvi ya kawaida au chumvi nyingine ya viwandani inayoongeza uzito wa pakiti. Haina madhara makubwa, ila haifui. Sabuni ya bei ya chini sana inaweza kuwa na kijazio kingi na kemikali kidogo. Ndiyo maana pakiti mbili za uzito sawa zinaweza kukupa matokeo tofauti kabisa.

Povu linadanganya

Povu si kipimo cha usafi. Kiwanda kinaweza kuongeza au kupunguza povu kinavyotaka. Sabuni za mashine ya kufulia hutengenezwa zitoe povu kidogo makusudi, na bado nguo zinatakata. Za kufulia kwa mkono huongezewa povu kwa sababu mteja analipenda.

Povu lina faida moja tu kwako. Kama lilikuwa jingi kwenye beseni halafu likapotea ghafla wakati unafua, mara nyingi ni dalili kuwa uchafu umeimaliza sabuni. Badilisha maji au ongeza kidogo.

Povu jingi lina gharama yake pia, kwa sababu linataka maji mengi ya kusuuza. Kama unanunua maji kwa ndoo au unayabeba kichwani, ndoo moja ya ziada ya kusuuza inaweza kula akiba yote uliyoipata kwa kununua sabuni rahisi.

Anza na maji yako

Hapa ndipo wakazi wa Mara wanapotofautiana.

Ziwa Victoria lina maji laini, yaani yenye madini kidogo. Ukiwa Musoma mjini, ambako maji ya bomba hutoka ziwani, sabuni ya kawaida ya mche hutoa povu bila shida. Hali ni hiyo hiyo kwenye maeneo ya Bunda na Butiama yanayopata bomba la maji ya ziwa, ukiwemo mradi wa Mugango-Kiabakari-Butiama.

Lakini vijiji vingi vinategemea visima. Maji yanayopita kwenye miamba yanaweza kubeba madini ya kalisi na magnesi. Hayo ndiyo maji magumu. Sabuni ya mche ikikutana nayo, sehemu yake hugeuka utando wa kijivu unaoelea na kung'ang'ania kwenye nguo. Unasugua, sabuni inaisha, na shati jeupe linazidi kufubaa.

Kupima ni rahisi:

1. Chukua chupa mbili safi zinazolingana.
2. Moja weka maji unayofulia, nyingine maji ya mvua, kiasi sawa, nusu chupa.
3. Kwangua sabuni ya mche kidogo, weka kiasi kile kile kila chupa.
4. Funga, tikisa kwa nusu dakika, kisha linganisha.

Kama chupa ya maji yako ina povu dogo na utando mweupe unaoelea, maji yako ni magumu. Kwa matumizi ya kila siku, sabuni ya unga au ya maji itakufaa kuliko mche, kwa kuwa haigeuki utando kirahisi.

Kama povu linafanana na la maji ya mvua, huna sababu ya kuikimbia sabuni ya mche. Kwako inaweza kuwa ndiyo nafuu kuliko zote.

Kwa maji ya lambo au mto yenye tope, yaache yatulie usiku mzima kwenye ndoo, kisha mimina ya juu taratibu. Tope lililobaki ndani ya maji litatumia sabuni yako kabla nguo haijaguswa.

Piga hesabu ya gramu

Bei iliyoandikwa dukani haikwambii sabuni ipi ni rahisi. Gawanya bei kwa gramu zilizoandikwa kwenye pakiti, simu yako ina kikokotoo.

Tuchukue mfano, bei za dukani kwako zinaweza kuwa tofauti:

- Pakiti ya gramu 40 kwa Sh200 ni Sh5 kwa gramu.
- Pakiti ya gramu 500 kwa Sh2,000 ni Sh4 kwa gramu.
- Pakiti ya kilo moja kwa Sh3,600 ni Sh3.6 kwa gramu.

Familia inayotumia kilo moja kwa mwezi ikinunua vipakiti vya Sh200 itahitaji 25, sawa na Sh5,000. Ikinunua kilo moja kwa mkupuo italipa Sh3,600. Tofauti ni Sh1,400 kwa mwezi, na kwa mwaka Sh16,800. Hizo ni daftari na kalamu za mtoto.

Tatizo ni kwamba si kila mtu ana Sh3,600 ya kutoa kwa pamoja. Kama ndivyo, changeni majirani wawili au watatu, nunueni pakiti kubwa na kugawana kwa kijiko. Pakiti ikishafunguliwa, hamishia unga kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Unyevunyevu huifanya igande.

Angalizo: pakiti kubwa ina tabia ya kumfanya mtu amimine bila kupima. Weka kijiko ndani ya chombo, na kila siku ya kufua tumia idadi ile ile.

Kwa sabuni ya mche, iliyokauka hudumu zaidi. Mche mbichi bado una maji mengi na huyeyuka haraka. Ukishanunua, kata vipande, vipange penye hewa na kivuli kwa wiki mbili au zaidi. Unapofua, usikiache kipande ndani ya beseni.

Jaribu mwenyewe, usiamini tangazo

Chana kitambaa cheupe cha zamani vipande viwili. Vipake vyote tope na mafuta ya kupikia, viache vikauke. Fua kila kimoja kwa sabuni tofauti, ila zote ziwe za thamani sawa, mfano Sh100 kila moja. Maji yawe kiasi sawa, muda wa kuloweka sawa, na usuguaji sawa.

Vikikauka, viangalie mchana ndani ya nyumba, mbali na jua kali, ili kimeng'arisho kisikuzuge. Vinuse pia. Kitambaa chenye harufu ya manukato juu na mafuta chini yake hakijatakata.

Jaribio hili linachukua siku moja na linaweza kukuongoza mwaka mzima.

Sabuni ya maji ya mtaani: nunua kwa macho

Sabuni ya maji inayotengenezwa na wajasiriamali ni ajira kwa wengi, na nyingine ni nzuri kweli. Lakini usipime ubora kwa uzito wake. Uzito huo unaweza kuletwa na chumvi ya kawaida tu. Sabuni nzito kama uji inaweza kuwa na nguvu kidogo kuliko nyepesi ya jirani yake.

Angalia kama ina lebo, jina la mtengenezaji na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Ikikuchoma au kukuwasha mikono muda mfupi baada ya kuanza kufua, acha kuitumia.

La muhimu kuliko yote ni chupa. Sabuni ya maji mara nyingi huuzwa kwenye chupa za maji ya kunywa au soda, na mtoto hawezi kutofautisha. Iandike kwa maandishi makubwa na iweke juu asikofika. Akiinywa, usimlazimishe kutapika. Mpeleke kituo cha afya haraka ukiwa na chupa yenyewe.

Kwa sabuni za viwandani, kagua alama ya TBS, maandishi yasiyofifia, uzito na pakiti isiyofunguliwa. Bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani (FCC), na pakiti yenye uzito pungufu ni suala la Wakala wa Vipimo.

Mbinu za kuifanya idumu

- Kung'uta kwanza. Vumbi na tope kavu vitolewe kwa mkono kabla ya maji.
- Koroga sabuni kwanza. Unga uyeyuke ndipo nguo ziingie, usiache madoa.
- Loweka nusu saa. Muda ukifanya kazi, sabuni na mikono vinapumzika.
- Anza na nguo safi zaidi. Nyeupe kwanza, za rangi zifuate, za kazi mwisho kwenye maji yale yale.
- Mche kwa kola na makwapa. Unga wa kuloweka na mche wa kusugua penye doa tu ni mchanganyiko wa bei nafuu.
- Doa la damu ni maji ya baridi. Maji ya moto huligandisha.
- Jiki iwe kwa nguo nyeupe za pamba tu. Usiichanganye kamwe na dawa ya kusafishia choo, hutoa hewa ya sumu.

Suuza hadi maji yasiteleze vidoleni, hasa nguo za mtoto mchanga. Mabaki ya sabuni huwasha ngozi na kukakamaza kitambaa.

Usifulie ziwani

Ni kweli, ufukweni maji ni ya bure. Ila gharama yake huja baadaye.

Kwanza ni afya. Kwenye maji ya kando ya Ziwa Victoria kuna konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Vimelea hivyo hupenya kwenye ngozi ya mtu aliyesimama majini, na anayefua husimama muda mrefu.

Pili ni sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto.

Tatu ni ziwa lenyewe. Baadhi ya sabuni zina fosfeti, ambayo ni chakula cha mwani na magugu maji. Sabuni si chanzo pekee, mbolea za mashambani na majitaka ya miji vimo pia. Lakini maji hayo hayo ndiyo yanayorudi nyumbani kwa bomba, na samaki wake ndio mboga.

Chota maji, fulia mbali na ufukwe, na mwaga maji machafu kwenye shimo au ardhi kavu, si mtaroni wala kwenye bustani ya mchicha.

Kwa hiyo ununue ipi?

Kama una maji ya bomba la ziwani na bajeti ni ndogo, mche uliokauka pamoja na unga kidogo wa kulowekea unatosha kwa nguo nyingi. Kama unatumia kisima chenye maji magumu, weka hela yako kwenye unga wenye alama ya TBS, pakiti kubwa kadiri unavyoweza. Kwa nguo za kazi zenye grisi au harufu ya samaki, loweka mapema kwa unga, kisha malizia na mche.

Leo jioni kabla ya kwenda dukani, fanya kwanza lile jaribio la chupa mbili. Kama mvua hazinyeshi, omba chupa moja ya maji ya bomba kwa jirani anayepata maji ya ziwa, nayo itakupa kipimo cha kulinganisha.