Punda Akifa Mzigo Haufiki: Elimu ya Farasi wa Mashindano na Mnyama wa Kazi wa Dodoma

Mji wa Dodoma umejengwa katika uwanda ulioinuka kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake kwa mwaka ni milimita 600 hivi, nayo hunyesha karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayosalia ni ya ukame. Visima vya karibu hupungua maji, malisho hukauka, na safari za kutafuta maji hurefuka. Katika vijiji vingi vya Bahi, Chamwino, Mpwapwa na Kondoa, mnyama anayebeba sehemu kubwa ya taabu hiyo ni punda.

Farasi, aliye wa jamii moja na punda, ni nadra sana kuonekana katika uwanda huo. Mahali pengine farasi ni mwanariadha. Katika uwanja wa Ngong, jijini Nairobi, farasi wameshindanishwa tangu mwaka 1954. Na katika nchi za Ghuba, kama vile Oman na Falme za Kiarabu, hushindanishwa katika safari ndefu za jangwani. Kwa kuwa farasi wa mbio ana thamani kubwa, wataalamu wameupima mwili wake kwa makini sana: moyo, mapafu, jasho, mifupa na kwato. Makala haya yaeleza kwa nini farasi hakustawi katika Uwanda wa Kati, mwili wake hufanyaje kazi awapo mbioni, na jinsi elimu iliyopatikana kwake iwezavyo kumfaa punda anayebeba madumu ya maji.

Sumu au Ugonjwa?

Mwaka 1569 Mreno Francisco Barreto aliondoka Lisbon akiongoza jeshi lililokusudia kuiteka nchi ya dhahabu ya Mwenemutapa. Lilipofika Sena, kando ya mto Zambezi, farasi wake walianza kufa, na askari pia. Padri Monclaro, aliyefuatana na msafara, alishikilia kwamba wafanyabiashara Waislamu wa mji huo walikuwa wamewatilia sumu. Wafanyabiashara hao walikamatwa na kuuawa kikatili. Vifo havikukoma. Watu wasio na hatia walilipia kwa maisha yao kosa la kutoijua sababu ya ugonjwa.

Karne tatu baadaye, mwaka 1871, Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo na farasi wawili. Wote wawili walikufa huko Kingaru, kabla msafara haujafika mbali na pwani. Alipompasua mmoja wao alikuta minyoo mingi tumboni. Misafara ya wakati huo ilipoteza punda wengi pia, hasa ilipovuka Marenga Makali, nyika isiyo na maji iliyo baina ya Mpwapwa na Ugogo.

Leo sababu kubwa za vifo vya farasi katika Afrika zinajulikana. Ya kwanza ni nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Mwaka 1895 David Bruce, akifanya kazi katika nchi ya Wazulu, aligundua kiini chake, kijidudu kiogeleacho katika damu ya mnyama. Sababu ya pili ni maradhi ya farasi ya Afrika, ambayo huletwa na virusi. Mwaka 1900 ilithibitika kwamba kiini cha maradhi hayo ni kidogo kiasi cha kupenya katika chujio linalozuia bakteria. Na mwaka 1944 ikathibitika kwamba waenezaji wake ni usubi, wadudu wadogo mno wanaouma hasa jioni, usiku na alfajiri. Mapafu ya farasi hujaa maji, povu hutoka puani, na mara nyingi mnyama hufa katika muda wa siku chache. Farasi wasio na kinga wakiambukizwa, 70 hadi 95 kati ya kila 100 huweza kufa.

Virusi hivyo hivyo vikimwingia punda milia, kwa kawaida haonyeshi dalili yoyote. Punda wa Afrika naye huugua kidogo tu au asiugue kabisa. Wanyama hawa wawili wana asili ya bara hili, na kwa vizazi vingi miili yao imeishi na ugonjwa huu. Lakini punda milia aliye mzima kwa kutazamwa huweza kuhifadhi virusi katika damu yake. Mwaka 1987 punda milia kutoka Namibia walipopelekwa katika hifadhi moja karibu na Madrid, maradhi haya yalizuka nchini Hispania na kuua farasi wengi.

Chanjo ipo, ila virusi viko vya aina tisa, na kinga dhidi ya aina moja haitoshi kuzuia nyingine zote. Kwa hiyo, penye maradhi haya, mwenye farasi hana budi kumchanja kila mwaka kabla ya majira ya usubi na kumfungia bandani kabla ya jua kutua. Kwa mkulima wa kawaida gharama hizo ni kubwa mno. Ndiyo maana Uwanda wa Kati ulibaki kuwa nchi ya punda.

Moyo, Wengu na Pumzi

Farasi wa mbio mwenye uzito wa kilo 500 ana moyo wa kilo nne au tano. Akiwa ametulia, moyo hupiga mara 30 hadi 40 kwa dakika. Akikimbia kwa nguvu zake zote, mapigo hufika 220 au hata 240, na moyo husukuma zaidi ya lita 200 za damu kila dakika. Ni sawa na kujaza dumu la lita 20 kwa muda usiozidi sekunde sita.

Farasi ana akiba nyingine katika wengu. Anapopumzika, wengu huhifadhi sehemu kubwa ya chembechembe nyekundu za damu, zile zinazochukua oksijeni. Mbio zianzapo, wengu hujikaza na kuzimwaga chembechembe hizo katika mishipa. Kiasi cha chembechembe katika damu, ambacho kilikuwa asilimia 40 hivi, huweza kupanda hadi asilimia 60 au zaidi. Kwa njia hii farasi huweza kutumia, kwa kila kilo ya uzito wake, oksijeni karibu mara mbili ya ile anayotumia mwanariadha hodari wa kibinadamu.

Hata hivyo mashine hii ina mipaka. Farasi na punda hupumua kwa pua tu, si kwa kinywa. Kamba iliyofungwa vibaya ikabana pua humnyima mnyama pumzi wakati ule ule anapoihitaji zaidi. Tena, farasi akimbiapo kwa kasi, pumzi moja hulingana na hatua moja. Akipoteza mpangilio wa hatua kwa maumivu ya mguu, pumzi nayo huharibika.

Joto, Jasho na Maji

Misuli haigeuzi chakula chote kuwa nguvu ya kazi. Kiasi cha robo tu hutumika kwa mwendo. Kilichobaki hugeuka joto. Joto hilo lisipotoka, mnyama huzimia au kufa. Farasi hujipoza hasa kwa jasho, na katika kazi ngumu huweza kupoteza lita 10 au zaidi kwa saa moja. Jasho lake lina chumvi nyingi, pamoja na aina ya protini inayolifanya litoe povu na kuenea katika manyoya ili likauke upesi. Kwa hiyo mkufunzi mwema humpa farasi maji pamoja na chumvi.

Katika jambo hili punda amzidi farasi. Utafiti uliofanywa jangwani katika miaka ya 1950 na Knut Schmidt-Nielsen ulionyesha kwamba punda huweza kupoteza maji ya kiasi cha robo ya uzito wake au zaidi na bado akaishi. Na akifikishwa kisimani hunywa zaidi ya lita 20 kwa dakika chache na kuirudisha hali yake. Uwezo huu ni wa kunusuru maisha, wala si ruhusa ya kumnyima maji. Punda mwenye kiu hula kidogo, hupungua nguvu, na chakula hukwama katika utumbo mpana. Msokoto wa tumbo unaofuata ni hatari kubwa, kwa sababu wanyama wa jamii hii hawawezi kutapika.

Mazoezi Huanza Moyoni, Huishia Mifupani

Wakufunzi wa farasi wa mbio wamejifunza kwa hasara kubwa kwamba sehemu za mwili haziimariki kwa mwendo mmoja. Moyo na misuli huanza kupata nguvu baada ya majuma machache ya mazoezi. Kano na mifupa huhitaji miezi mingi. Hapo ndipo penye mtego: mnyama huonekana mwepesi na mwenye pumzi, kumbe miguu yake haijakomaa. Akikimbizwa kupita kiasi, kano huchanika au mfupa hupata nyufa. Ndiyo sababu mazoezi hupandishwa hatua kwa hatua, na siku za kazi nzito hufuatwa na siku za kazi nyepesi.

Kanuni hii yamhusu punda vile vile. Punda wa miaka miwili huweza kuonekana mkubwa, lakini mifupa yake bado inakua. Abebeshwapo mizigo mizito kabla ya kutimiza miaka mitatu au minne, mgongo na miguu yake huharibika mapema, na mwenyewe hupoteza miaka mingi ya kazi ambayo angeipata baadaye.

Hesabu ya Mzigo

Mfano mdogo wa hesabu utalifafanua jambo hili. Farasi wa mbio wa kilo 500 humbeba mpandaji na tandiko lake, jumla kilo 60 hivi. Huo ni mzigo wa asilimia 12 ya uzito wake. Sasa tumchukue punda wa kilo 140. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo madumu manne ya lita 20 yana kilo 80, yaani asilimia 57 ya uzito wa punda huyo. Wataalamu wa wanyama wa kazi hushauri kwamba mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wa mnyama. Kwa punda wetu theluthi hiyo ni kilo 47 hivi: madumu mawili pamoja na shogi lake, basi. Aliye na madumu manne afadhali atumie mkokoteni wenye magurudumu mazuri na mkanda mpana wa kifuani, kwa kuwa gurudumu huubeba uzito na punda huuvuta tu.

Kamba nyembamba na matandiko yasiyo na mto huchubua ngozi. Kidonda hicho ni mlango wa pepopunda, ambao huwapata farasi na punda kwa urahisi sana. Kidonda kisafishwe, mnyama apumzishwe mpaka kipone, na chanjo ya ugonjwa huo itafutwe kwa mganga wa mifugo.

Kazi kwa Wanafunzi

Katika mashindano ya farasi ya masafa marefu, ambayo huweza kufika kilometa 160 kwa siku moja, waganga wa mifugo huwapima farasi kila kituo. Mapigo ya moyo yasiposhuka hadi 64 kwa dakika katika muda uliowekwa, farasi huondolewa mashindanoni, hata kama mpandaji anaapa kwamba mnyama wake ni mzima. Moyo wa mnyama ndio shahidi.

Wanafunzi waweza kufanya uchunguzi kama huo kwa punda mpole, mwenyewe akiwapo. Mpimaji asimame ubavuni karibu na bega, asikae nyuma kamwe, maana shukrani ya punda ni mateke. Aweke vidole viwili chini ya ukingo wa taya, upande wa ndani, ambapo mshipa wa damu hupita, ahesabu mapigo kwa sekunde 30 kisha azidishe kwa mbili. Punda mzima aliyepumzika huwa na mapigo 36 hadi 52 hivi kwa dakika. Hesabu irudiwe mara tu baada ya kazi, kisha baada ya dakika 10, 20 na 30, na matokeo yachorwe katika grafu. Mapigo yanayokawia kushuka huonyesha mzigo mzito, joto, kiu au ugonjwa.

Uchunguzi huu una faida kwa sababu punda haonyeshi maumivu yake upesi kama farasi. Akisimama kimya, masikio yakiwa yamelegea, akakataa chakula, hali yake huenda tayari ni mbaya. Punda asiyekula kwa siku chache huweza kuyeyusha mafuta ya mwili wake mpaka yakajaa katika damu na kumuua. Hapo asipigwe kwa kudhaniwa mvivu, aitwe mganga.

Mnyama Asiyepatikana Upesi

Punda jike hubeba mimba kwa mwaka mmoja hivi na huzaa mtoto mmoja. Mtoto huyo hataweza kazi kamili kabla ya miaka mitatu au minne. Kwa hiyo punda mmoja aliyekufa leo huacha pengo la karibu miaka mitano. Hatari ya pengo hilo ilionekana wazi machinjio ya punda yalipofunguliwa Dodoma na Shinyanga ili ngozi zipelekwe China kutengenezea dawa ya kienyeji iitwayo ejiao. Mwishoni mwa mwaka 2021 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji huo, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuusimamisha barani kote kwa miaka 15.

Sheria huweza kumlinda punda na kisu cha mchinjaji. Haiwezi kumpunguzia dumu la nne, wala kumpeleka kisimani kabla ya kufungwa mzigo. Wahenga walisema punda afe mzigo ufike, wakimsema bwana asiyejali ila faida yake. Katika njia ndefu ya kwenda kisimani wakati wa kiangazi, punda akifa mzigo nao hubaki njiani, na kesho yake maji hayo hubebwa kichwani na mama wa nyumba au mtoto ambaye angekuwa darasani.